Hati ya kinga: askari wa mfalme alipodaiwa mahakamani

Katika madarasa yetu ya wazi ya historia ya sheria kuna swali ambalo haliishi: askari akiwa vitani ng'ambo, na huku nyuma jirani akaenda kumshtaki, nani anamjibia? Wanaouliza huwa wanawazia majeshi ya leo. Mimi huwarudisha Uingereza ya karne ya 13 na ya 14, kwa sababu wafalme wa huko walilijibu swali hili kwa kipande cha ngozi chenye muhuri, na jibu lao likazaa ugomvi mwingine.

Tuanze na hatari yenyewe. Mfalme Edward III aliuzingira mji wa Calais, kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia Septemba 1346 hadi Agosti 1347. Askari aliyekuwa katika kambi ile angejuaje kwamba ameitwa mahakamani Westminster, karibu na London? Na sheria haikuwa na subira. Kesi ya ardhi iliweza kumponyoka kwa kutofika tu. Kwa upande wa madeni, sheria ya mwaka 1352 iliongeza makali: mdaiwa asiyeonekana aliitwa jina lake katika vikao vitano vya mahakama ya kaunti, na asipotokea hata mara ya tano alitangazwa kuwa nje ya sheria, yaani sheria haikumlinda tena. Mali yake inayohamishika ikawa ya mfalme. Yaani mtu anatoka kwenda kumpigania mfalme, anarudi na kukuta ng'ombe wake wamechukuliwa na mfalme huyohuyo.

Dawa yake ilikuwa hati ya kinga. Iliandikwa kwa Kilatini katika ofisi ya Chansela, mtunza muhuri wa mfalme, ikatolewa kama barua ya wazi: haikufungwa, na muhuri mkubwa wa mfalme ulining'inia chini yake ili yeyote atakayeonyeshwa aweze kuisoma. Ilitaja jina la askari, kamanda anayefuatana naye na mahali anakokwenda. Muda wake kwa kawaida ulikuwa mwaka mmoja. Hati ya kawaida ilimweka mtu, watu wake, ardhi na mali yake chini ya himaya ya mfalme, basi. Kilichotafutwa hasa ni kifungu cha ziada, ambacho wanasheria walikiita kwa neno lake la kwanza, Volumus, yaani "tunataka". Mfalme alitaka mtu huyu asisumbuliwe kwa shauri wala lalamiko lolote mpaka muda wake uishe.

Hilo "lolote" lisikudanganye. Kifungu chenyewe kilitaja mashauri ambayo hayakuguswa na kinga. Mjane aliyedai fungu lake katika ardhi ya marehemu mumewe, naye hajapewa hata kipande, aliendelea na kesi yake. Mjane hawezi kula ahadi mwaka mzima. Aliyepokonywa ardhi karibuni naye aliendelea, maana bila hivyo mtu angemvamia jirani asubuhi na jioni akajiandikisha jeshini. Kesi za nani ana haki ya kupendekeza padri wa kanisa fulani pia ziliachwa nje. Hili huwashangaza wasikilizaji wangu, lakini lina hesabu yake: kanisa likikaa miezi sita bila padri, haki ya kumteua ilimwangukia askofu. Mdai akingojeshwa mwaka, hana tena cha kudai.

Jinai nzito kama mauaji ilikuwa habari nyingine kabisa. Huko mfalme alitumia msamaha, na kuanzia mwaka 1294 Edward I alianza kuwasamehe wahalifu kwa wingi iwapo wangekwenda kupigana Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Watu wengi huuchanganya msamaha huo na kinga. Msamaha ulifuta kosa. Kinga haikufuta chochote.

Tazama ilivyokuwa ukumbini Westminster. Shauri linatajwa, mdaiwa hayupo. Mtu wake anasogea, anaikunjua ngozi, muhuri unaonekana, hati inasomwa. Karani anaandika kwenye kumbukumbu zake za ngozi maneno mawili: sine die, "bila siku". (Ndiyo, ni maneno yaleyale yanayosikika hadi leo mabunge yetu ya Afrika Mashariki yanapoahirishwa bila tarehe.) Kinga ikiisha, mdai mwenyewe ndiye atakayerudi kutafuta amri mpya ya kumwita mdaiwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoisifu hati hii kama ukarimu wa mfalme kwa askari wake. Ukarimu ule uligharimiwa na mdai: muuza nafaka, fundi, ndugu aliyekopesha. Mfalme alilipia nta ya muhuri.

Nao wadai hawakukaa kimya, kwa sababu hati zilianza kuangukia mikononi mwa watu wasiokuwa na nia ya kuona vita. Baada ya Calais kutekwa na kuwekewa kikosi cha kudumu cha Waingereza, mfanyabiashara wa London aliyezongwa na madeni aliweza kujiandikisha kuwa anakwenda kukaa huko na kamanda fulani, au kupeleka chakula cha kikosi, akapata hati yake, kisha akabaki dukani. Rejista za Chansela zimejaa barua za kuzifuta kinga za namna hiyo. Zinafanana kama mapacha: masherifu wa London, maofisa wa kutekeleza amri za mfalme mjini, wamethibitisha kwamba fulani, muuza samaki au muuza viungo, bado yuko mjini akishughulikia mambo yake mwenyewe.

Hati ilikuwa na kitanzi chake ndani: asipokwenda, au akirudi mapema, haina nguvu. Tabu ilikuwa kuthibitisha. Tangu enzi za Edward I mdai aliruhusiwa kupinga mbele ya majaji kwamba mwenye kinga hayuko vitani. Mwaka 1377 ilipitishwa sheria kwamba kinga haimwokoi mtu na deni la chakula alichonunua kwa ajili ya safari hiyohiyo ya vita, wala na mikataba aliyoifanya baada ya kuipata. Mwaka 1390, baada ya manung'uniko ya Bunge la Makabwela, ikakatazwa kuitumia katika kesi zilizofunguliwa kabla ya tarehe ya hati, isipokuwa katika safari ya mfalme mwenyewe au ujumbe wake. Chansela naye aliamriwa kuifuta ya yeyote anayezubaa nchini.

Sheria hizo hazikumfunga mfalme mikono. Mshairi Geoffrey Chaucer alikuwa askari kijana alipotekwa Ufaransa katika vita vya 1359 na 1360, na mfalme akachangia pauni 16 kumkomboa. Mwaka 1370 alipata hati ya kinga akisafiri ng'ambo kwa kazi ya mfalme. Hiyo inaeleweka. Lakini tarehe 4 Mei 1398, Chaucer akiwa mtu mzima na hana vita vyovyote anavyokwenda, Mfalme Richard II alimpa kinga ya miaka miwili kwa shughuli za mfalme humohumo Uingereza, kwa hofu kwamba mahasimu wangemsumbua kwa kesi. Mwaka huohuo Isabella Buckholt, msimamizi wa mirathi ya Walter Buckholt, alikuwa akimdai pauni 14, shilingi 1 na peni 11. Si fedha ya mboga: mpiga mishale wa mwaka 1415, kwa peni 6 kwa siku, angeifanyia kazi siku zaidi ya 560.

Orodha za hati hizi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London, na majina mengi ya kati ya 1369 na 1453 yamewekwa mtandaoni bure, pamoja na orodha za ukaguzi wa vikosi, yaani za askari waliohesabiwa. Ukikuta jina kwenye orodha ya kinga, usiandike bado kwamba mtu huyo alipigana. Litafute kwanza kwenye ukaguzi wa kikosi alichosema anakwenda nacho. Lisipokuwepo, fungua rejista ya miezi inayofuata, uangalie kama sherifu wa London hajamkuta dukani.