Silinda hedi ya lori kufunguliwa nyumbani: dhana potofu na ukweli

Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, lori lililochemsha maji kwenye vilima vya Sake na Minova hufunguliwa injini uani, juu ya mawe meusi ya volkano, na kazi hukamilika vizuri ikiwa fundi anapima badala ya kukisia. Yanayoiharibu ni mazoea ambayo watu huyachukua kuwa ujuzi.

Dhana: Gasketi ikiungua, gasketi mpya inatosha.

Mara nyingi gasketi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku (mwili wa injini), imeharibiwa na kitu kingine, na kitu hicho kisipotafutwa, gasketi ya pili nayo itaungua. Hedi ikishang'olewa, uso wake hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na uso wa bloku hupimwa vivyo hivyo, kwa maana upindo wa sehemu chache za milimita hauonekani kwa macho. Hedi ya chuma cha kutupwa hukaguliwa pia kati ya viti vya valvu, ambako nyufa hupenda kuanzia. Halafu kuna slivu, mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Malori mengi yana slivu zinazozungukwa na maji, na ukingo wa juu wa kila moja unapaswa kusimama juu kidogo ya uso wa bloku ili uibane gasketi. Ikizama hata moja, gasketi itapitisha gesi palepale, hata ikiwa halisi ya kiwandani. Kwa sababu hiyo pia krankishafti (mhimili unaoendesha pistoni) haizungushwi ovyo wakati hedi iko nje: pistoni inaweza kuinua slivu, pete za mpira za chini zikaharibika na maji yakaingia kwenye oili.

Dhana: Hedi iliyopinda hunyooshwa kwa grenda au msasa.

Hapana. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha, na kwanza huulizwa kama kimo kilichobaki bado kinakubalika.

Dhana: Boliti hukazwa kwa bomba refu mpaka zigome.

Kila injini ina mpangilio wake wa kukaza, kwa kawaida kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa hatua kadhaa, na spana yenye kipimo cha nguvu. Injini nyingi za kisasa humalizia kwa kuzungusha boliti nyuzi kadhaa zaidi za mzunguko, mara nyingi 90. Boliti za aina hiyo hurefuka, hivyo hubadilishwa au hupimwa urefu kabla ya kurudishwa. Matundu ya boliti hukaushwa kabisa, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini hayana pa kwenda boliti inaposhuka, na yanaweza kupasua bloku. Mchanga wa lava nao ni mkali: silinda zifunikwe kwa kitambaa safi tangu mwanzo.

Dhana: Silikoni huipa gasketi nguvu.

Gasketi ya chuma yenye tabaka nyingi hufungwa kavu, isipokuwa pale mtengenezaji anapoelekeza vingine. Silikoni ya ziada hukatika na kuziba njia za oili.

Dhana: Termostati ni ya nchi za baridi, na maji ni maji.

Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambapo maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi joto 95. Mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo unatosha kuyachemsha mapema. Termostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ikitolewa, injini hukaa baridi na kulika haraka, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji huacha kupita kwenye rejeta, kwa hiyo lori linachemsha zaidi mlimani. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini, ambazo huganda ndani ya mirija ya rejeta na kuzunguka slivu. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali, na maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kupoza injini ni bora kuliko yote.

Dhana: Hedi ikishakazwa, kazi imekwisha.

Nafasi za valvu hurekebishwa upya, shaba za chini ya nozeli (zinazonyunyiza dizeli) huwekwa mpya, na hewa hutolewa kwenye dizeli na kwenye maji. Kukaza tena baada ya injini kupata joto hufanywa pale tu kitabu cha injini hiyo kinapoagiza.