Sukari ya mimba: je, vidonge vya vitamini C na E vitamkinga mtoto?

Swali: Nina mimba ya miezi sita, na kliniki wameniambia sukari imepanda. Shoga yangu amenipa chupa ya vitamini C na E kutoka duka la dawa la Mwembe Tayari, ati zitamkinga mtoto. Nimeze?

Jibu: Usimeze kwanza. Iweke chupa mkobani pamoja na kitabu cha kliniki, muuguzi aione. Shoga yako hakuzua, lakini. Sukari ikizidi damuni, seli huzalisha molekuli korofi zinazozidhuru seli zenyewe, na antioksidanti kama vitamini C na E huzituliza. Kwa panya wenye kisukari, vitamini E ilipunguza watoto wenye kasoro.

Kwa binadamu mambo yalikwenda kombo. Utafiti wa DAPIT wa Uingereza, uliotolewa 2010, ulihusisha wajawazito 762 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E, wengine vidonge visivyo na dawa. Kifafa cha mimba, ambacho vidonge vilitarajiwa kukizuia, hakikupungua. Utafiti mwingine wa 2006, wa vipimo vivyo hivyo kwa wajawazito walio hatarini kupata kifafa hicho, ulikuta watoto wenye uzito mdogo wameongezeka kwa waliomeza. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge hivyo kwa wajawazito. Ngalawa ikitoboka, utafua maji mpaka lini na tundu li wazi? Tundu ni ile sukari.

Swali: Basi hakuna kidonge cha maana?

Jibu: Kipo, asidi foliki, ila kina saa yake. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, wengi hawajajua hata kama wana mimba. Mwenye kisukari cha tangu zamani amwone daktari kabla ya kushika mimba. Mara nyingi huandikiwa miligramu 5. Wewe endelea na vya kliniki, vyenye madini ya chuma.

Swali: Na vitamini A?

Jibu: Hiyo iogope. Retinoli, yaani vitamini A ya vidonge, ikipita yuniti 10,000 kwa siku, hasa miezi ya mwanzo, yaweza kumlemaza mtoto. Ya mchicha na karoti haina neno.

Swali: Nile nini?

Jibu: Pera la Kongowea lina vitamini C kuliko chungwa, litafune, usilikamue juisi. Mbaazi za nazi hazina ubaya mkubwa, mashaka ni mahamri matatu yanayozisindikiza. Kula moja. Wali upungue, samaki na mboga ziongezeke, na utembee kidogo baada ya kula. Sukari ikikataa kushuka, utapewa vidonge vya metformini au sindano za insulini, dawa za kuishusha. Wengi huikimbia sindano kwa kumhofia mtoto, na insulini wala haivuki kondo la nyuma kumfikia.

Ukishajifungua, rudi upimwe baina ya wiki 6 na 12. Hapo ndipo wanawake wengi hupotea, wakidhani sukari imetoka na kondo.