Je, wajua kwa nini Wabudha wanaojifunza kusamehe humwacha adui awe wa mwisho?

Aliyekosewa huhimizwa amsamehe mkosaji papo hapo, na akijaribu akashindwa hujiona ana roho mbaya. Mafundisho ya Kibudha hayaanzii huko. Katika zoezi la metta, yaani kuvitakia mema viumbe wote, kama mtawa Buddhaghosa alivyolipanga nchini Sri Lanka katika karne ya 5, mtu hujitakia mema yeye mwenyewe kwanza, kisha humtakia mwalimu anayemheshimu, kisha rafiki wa dhati, kisha mtu asiyempenda wala kumchukia, na aliyemkosea huja baada ya hao wote.

Sababu ni kwamba kinyongo huishi kwa kurudiwarudiwa. Aya ya 3 ya Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Budha, yasema kuwa anayeng'ang'ania mawazo kama "alinitukana, alinipiga, alinishinda, aliniibia" chuki yake haitulii. Basi anayemwendea adui moja kwa moja, moyo ukiwa bado mkavu, hujikuta anasimulia upya kosa lile lile analotaka kuliachilia. Ndiyo maana hasira ikimpanda katikati ya zoezi huelekezwa arudi kwa rafiki au kwa mwalimu, moyo ulainike, ndipo ajaribu tena, hata kama ni mara nyingi. Kwangu mimi hapa ndipo penye huruma kubwa zaidi ya njia hii, kwa sababu kushindwa hakuhesabiwi kuwa dhambi.

Hasira ikikaidi, zipo njia nyingine. Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Budha, alifundisha kuwa ukimkuta mtu mwenye matendo mabaya na maneno mabaya, lakini ambaye mara chache moyo wake hutakata, ulitazame jema hilo dogo peke yake, kama msafiri mwenye kiu anayekuta maji kidogo ndani ya alama ya kwato za ng'ombe, akapiga magoti na kuyanywa kwa mdomo, maana akiyachota kwa mkono atayavuruga. Buddhaghosa naye anamtaka mwenye hasira ajiulize: unachukia nini hasa kwa mtu huyu, nywele zake, kucha zake, au mifupa yake? Swali hili laonekana la ajabu, lakini anayelifuata kwa utulivu hukosa mahali pa kuiweka chuki yake.

Hakuna katika haya kinachohalalisha kosa, wala kinachomtaka mtu arudi kuumizwa. Mafundisho yanasema kila mtu ni mrithi wa matendo yake, kwa hiyo mkosaji atayakuta ya kwake bila aliyekosewa kuwa mlipizaji. Na pale fikra zote zinaposhindwa, Buddhaghosa anashauri tendo: mpe aliyekukosea zawadi, au upokee yake, kwa kuwa kutoa hulainisha mioyo ya wote wawili, hata kinyongo kilichodumu miaka mingi kikalegea.