Mvinyo wa Commandaria hautiwi sukari

Wengi wakionja Commandaria, mvinyo mtamu wa Kupro, hudhani umekorogewa sukari. Sivyo. Utamu wote ni wa zabibu zenyewe, Xynisteri nyeupe na Mavro nyeusi, zinazolimwa katika vijiji 14 kwenye miteremko ya kusini ya milima ya Troodos.

Zabibu huachwa mtini ziive kupita kiasi, kisha huanikwa juani siku kadhaa hadi zinywee na ngozi ikunjamane. Maji yakipungua, sukari hubaki nyingi mno hata hamira, inayogeuza sukari kuwa pombe, inashindwa kuimaliza. Watengenezaji wengine huongeza pombe kali baadaye, lakini sukari, hapana. Mvinyo hukaa kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka 2.

Mtalii anayebisha afike kijiji cha Laneia au Zoopigi msimu wa mavuno, aone zabibu zilivyotandazwa. Ajihadhari na nyigu tu!