Chombo cha zamani hakitakiwi king'ae

Anayeokota randa ya chuma kwenye vyuma chakavu vya Moshi hudhani akiipiga grainda hadi ing'ae, bei itapanda. Inashuka. Grainda hula nembo ya kiwanda, na kwenye panga la wahunzi wa Mamba, Kilimanjaro, hufuta alama za nyundo, ambazo ndizo ushahidi kwamba lilifuliwa kwa mkono. Joto nalo huharibu makali: ncha ikigeuka buluu, ugumu umeondoka.

Ifungue randa, toa mpini wa mbao, loweka chuma kwenye siki nyeupe usiku mmoja, si siku tatu. Asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya magadi, kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Weusi uliobaki usiuguse, wakusanyaji wa vyombo vya zamani wanaulipia.