Kujilinganisha: mizani au kangomba?

Mtu wa Mtwara au Lindi haelezwi kangomba ni nini. Ni ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni, nje ya mfumo rasmi, ambapo mnunuzi mara nyingi huja na bakuli lake badala ya mizani. Mkulima kabanwa na ada ya mtoto, anapimiwa kwa chombo cha mtu mwingine, anapokea anachopewa. Nimeanza na korosho kwa sababu sijapata njia nyepesi zaidi ya kueleza neno kujilinganisha, hasa kwa sisi akina mama tunaokimbia.

Neno lenyewe limetoka kwenye -lingana, yaani kuwa sawa. Kwa hiyo ndani yake mna sharti: vitu viwe na usawa fulani ndipo vipimwe pamoja. Ile -ji- inamfanya mpimaji na mpimwaji kuwa mtu mmoja. Wala si husuda. Hasidi anataka cha mwenzake kipotee; anayejilinganisha hamtakii mtu baya, anayeumia ni yeye.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake, na asipopata kipimo cha wazi hujipima kwa watu, hasa wale anaoona wanafanana naye. Tabia hiyo si ugonjwa. Ila hapo kwenye kufanana ndipo penye mtego. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua 2018, mwaka uliofuata akapata medali ya fedha ya dunia Doha katika mita 1500, na 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Hanikoseshi usingizi, kukimbia ndiyo kazi yake. Anayenikosesha usingizi ni mama wa mtaa wa pili, mtoto wake rika moja na wangu, aliyeweka picha ya saa yake: Shangani hadi Mikindani, hapa Mtwara, kilomita 10, dakika 58.

Kwa kuwa kuna dakika, picha ile inaonekana kama mizani. Lakini ni bakuli. Haisemi kwamba alitoka saa kumi na moja alfajiri, mama yake mzazi kabaki na mtoto, na usiku kalala. Mimi nilitoka saa kumi jioni, Februari, jasho halikauki kwa unyevu wa bahari, tena baada ya kuamshwa mara tatu usiku. Kwenye joto la namna hiyo moyo unafanya kazi ya ziada hata mwendo ukiwa uleule.

Kuna pia kujilinganisha kwenda chini, kumtazama aliyeacha kabisa mazoezi ukasema afadhali yangu. Kunatuliza siku moja tu.

Madhara yanayonitia hofu zaidi ni ya mwili. Kwetu mzazi akitoka arobaini anahesabiwa kapona, na akimwona mwenzake kaingia barabarani, naye anavaa raba. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza mwaka 2019 unashauri kusubiri angalau wiki 12 ndipo mama arudi kukimbia. Hizo ni siku 84, zaidi ya arobaini mbili. Mkojo ukichuruzika unapokimbia, ukihisi uzito unashuka ukeni au nyonga zikiuma, hiyo si aibu ya kuficha chini ya kanga. Ni habari ya kupeleka hospitali, hata kama wiki 12 zimeshapita.

Kisha kuna ushauri unaopendwa sana: shindana na nafsi yako. Mimi siukubali hivihivi. Nafsi ipi? Yule msichana aliyekimbia kilomita 5 kwa dakika 27 kabla ya mimba alikuwa na usiku mzima wa kulala, hanyonyeshi, wala hana sufuria ya uji jikoni. Jina letu ni moja, lakini nikijipima kwake ni kangomba ileile, tofauti ni kwamba bakuli limetoka ndani ya nyumba yangu. Huyu ndiye aliyenitesa kwa muda mrefu kuliko jirani yeyote.

Kujilinganisha kunakofaa kunauliza swali jingine. Badala ya "mbona yeye?", kunauliza "amefanyaje?" Siku nilipomwuliza yule mama wa dakika 58, alicheka. Akaniambia miezi minne ya kwanza alikuwa anatembea tu, dakika 30 kila asubuhi, na siku hizo hakuwahi kupiga picha.

Siku hizi nina daftari. Kabla ya kilomita naandika nimelala saa ngapi, nani kabaki na mtoto, jua lilikuwa wapi. Jumapili iliyopita: saa tano na nusu za usingizi, bibi yake, mawingu. Kilomita 4, nyingine nimetembea.