Hasi na hasi si chanya kila mahali

Jioni, watoto wa majirani wakitoka shule, huwa nawafundisha Hisabati hapa Kibirizi, Kigoma. Karibu kila mmoja huja na kauli ileile aliyokaririshwa: "hasi na hasi ni chanya." Mpe −3 + (−5), anaandika 8 bila kusita.

Kauli hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Ni kweli −3 × (−5) ni 15, ila kwenye kujumlisha haina kazi. Mama aliyechukua dagaa kwa mali kauli akadaiwa elfu 3 na mtu mmoja, elfu 5 na mwingine, ana deni la elfu 8. Basi −3 + (−5) = −8. Na akidaiwa 7, akauza na kulipa 3, bado anadaiwa 4: −7 + 3 = −4. Wapo wanaoandika −10, kana kwamba kulipa kumemwongezea deni.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba kutoa lazima kupunguze. Tumeipanda wenyewe tangu darasa la kwanza kwa maembe na vizibo vya soda, kwa hiyo 4 − (−3) = 7 mtoto anaiona kama kiini macho. Mimi humfungulia daftari la madeni. Mfukoni una elfu 7, unadaiwa elfu 3. Chako hasa ni 4. Mwenye mali anakwambia, "Deni lile nimekusamehe." Hajakupa hata shilingi, amekuondolea −3 tu, na sasa zote 7 ni zako. Namna hii ya kufikiri ni ya zamani sana: mwaka 628 huko India, mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi akiziita chanya mali na hasi deni.

Ukimwambia tu "alama mbili za kutoa huleta kujumlisha," ataibeba hadi kwenye −3 − 5 aandike 8. Hapo hakuna deni lililosamehewa. Unadaiwa 3, umekopa 5 nyingine. Jibu ni −8.

Kuhusu −8 kuonekana kubwa kuliko −3, daftari lilelile linatosha: anayedaiwa 8 yuko chini zaidi.

Imebaki ile ya "kubwa haitoki kwenye ndogo." Kwa hiyo nawatoa nje tulitazame ziwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na penye kina kirefu kuliko pote ni kama mita 1,470. 770 − 1,470 = −700: sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Juzi nikawauliza, jiwe likizama pale mita 770, limefika namba gani? Binti mmoja wa darasa la sita akajibu, "Sifuri, mwalimu, na bado lina mita 700 za kuzama."